Ukuta wa Konstantinopoli usihukumiwe kwa siku moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu kuhusu Waturuki wa Osmani kuiteka Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mji mkuu wa dola ya Kirumi ya Mashariki. Mmeisimulia vizuri alfajiri ya Mei 29, 1453, lakini msomaji anabaki akidhani ukuta ule ulikuwa gofu lililosubiri mzinga wa kuliangusha. Mimi nafundisha historia sekondari, na jambo hilo limenigusa. Siku ile ukuta ulikuwa umekwisha kusimama miaka elfu moja na arobaini.

Ukuta mkuu ulikamilika mwaka 413, Kaisari Theodosius wa Pili akiwa bado mtoto. Aliyesimamia kazi ni waziri wake, Anthemius. Ulizuia upande wa nchi kavu kwa karibu kilomita sita kuanzia Bahari ya Marmara. Kimo chake kilikuwa mita 12 hivi, unene kama mita 5, mawe yakipokezana na mikanda ya matofali, na minara 96 ikauzidi ukuta wenyewe kwa kimo. Waashi waliijenga minara bila kuiunganisha na ukuta, ili ardhi ikititia chini ya mmoja, mwingine usipasuke. Ufundi huo pekee ulistahili aya nzima.

Ila ninalotamani zaidi wasomaji walijue ni nani aliyeutunza. Sheria ya mwaka ule ule wa 413 iliwapa matumizi ya minara wale ambao ardhi yao ilipitiwa na ukuta, kwa sharti kwamba wao, na yeyote atakayeimiliki ardhi hiyo baada yao, waikarabati minara kila mwaka kwa gharama zao. Serikali ilichukua ardhi, ikawarudishia watu kitu cha kutumia pamoja na wajibu wa kukilinda. Mwaka 447 tetemeko likaangusha minara 57, wakati Attila, mfalme wa Wahun, akiitishia dola. Mji ulijenga upya kwa kasi ya ajabu: maandishi kwenye lango linaloitwa leo Mevlevihane yanasema kazi haikufika miezi miwili. Mbele ya ukuta mkuu palikuwa na ukuta wa pili, mfupi zaidi, na handaki lenye upana wa mita 20 hivi.

Avari, wapiganaji wa farasi kutoka nyika, walishindwa hapo mwaka 626. Jeshi la Bani Umayya, watawala wa Waarabu, lilishindwa mwaka 717 na 718. Wapiganaji wa Msalaba, Wakristo wa Ulaya Magharibi, walioupora mji mwaka 1204 waliingilia upande wa bandari, Pembe ya Dhahabu, si hapa.

Sasa turudi 1453. Walinzi walikuwa kama 7,000 tu, wala hawakutosha kushika kuta zote mbili. Wakaushika ule wa nje. Mizinga ya Urban, fundi kutoka Hungaria aliyewatumikia Waturuki, ilibomoa kweli, hasa kwenye bonde la mto Lycus. Lakini kila usiku wakazi walijaza mapengo kwa magogo, udongo na mapipa, na mji ukastahimili zaidi ya wiki saba. Sultani wao Mehmed, kijana wa miaka 21, alishinda kwa mizinga, kwa wingi wa askari, na kwa akili ya kuvusha merikebu juu ya nchi kavu hadi ndani ya Pembe ya Dhahabu, walinzi wachache wakazidi kutawanyika. Kusema hivi hakumpunguzii ushindi. Yeye mwenyewe hakuudharau ukuta ule: muda mfupi baadaye aliongeza minara mitatu kwenye minne iliyokuwapo ukutani penye Lango la Dhahabu, ikawa ngome ya Yedikule, yaani minara saba.

Mwaka 1999 tetemeko lingine liliangusha sehemu zilizokarabatiwa karibuni, na uashi wa kale chini yake ukabaki.

Mkiigusa tena mada hii, chapisheni mchoro wa ukuta kwa upande: handaki, ukuta wa nje, ukuta mkuu na minara yake. Vitabu tunavyofundishia havina, na gazeti lenu linafika hadi darasani.

Wasalaam,
Mwalimu wa Historia, Tanga