Barua ya wazi kwa viongozi wa hospitali: iondoeni ile barua ya onyo

Wanangu viongozi wa hospitali, na ninyi mnaopanga sera za afya,

Nawaandikia nikiwa muuguzi mstaafu. Hivi karibuni nilialikwa katika kikao cha wafanyakazi cha hospitali moja, na niliyoyaona humo yameninyima usingizi. Muuguzi kijana, akiwa bado na sare aliyokeshea, alisimamishwa mbele ya wenzake akasomewa barua ya onyo, huku vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la aproni. Alikuwa amefanya kazi mchana kutwa, akaunganisha na zamu ya usiku kwa sababu hapakuwa na wa kumpokea, na alfajiri akavuta kwenye bomba la sindano potasiamu kloridi kali badala ya maji ya kuchanganyia dawa. Kabla ya kumchoma mgonjwa alisoma tena kibandiko, akashtuka, akaimwaga, kisha akaandika taarifa kwa mkono wake mwenyewe. Mgonjwa hakudhurika, lakini taarifa ile ile ndiyo iliyogeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Potasiamu ya namna hiyo ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa huweza kusimamisha moyo, na ndiyo maana wataalamu wa usalama wa wagonjwa wamehimiza kwa miaka mingi kwamba isihifadhiwe katika wodi za kawaida. Baada ya kikao nilipita wodini. Vichupa vya potasiamu na vya maji, vinavyofanana kama pacha, vilikuwa bado rafu moja, vimegusana. Mliona afadhali kumfedhehesha mtu kuliko kuhamisha kichupa! Waliokuwa wameketi nyuma yake walijifunza siku ile kwamba anayesema kweli huumia, na atakayekosea kesho atanyamaza, na ninyi hamtajua lolote mpaka siku mtakapoitwa kutazama maiti.

Nasikia mmepanga semina ya kuwafundisha wauguzi uvumilivu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu wa kazi kuwa ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa ipasavyo, wala halikuuita ugonjwa. Basi dawa yake itafutwe kazini: katika ratiba ya zamu, katika idadi ya wagonjwa anaokabidhiwa muuguzi mmoja, na katika saa za kupumzika ambazo hakuna simu ya kumrudisha mtu wodini.

Mengine nayataja kwa ufupi. Lipeni posho za usiku kwa wakati. Makabidhiano ya zamu yapewe muda wake. Kiongozi akeshe wodini angalau mara moja kwa mwezi, bila kutangaza ujio wake. Nanyi wapanga sera wa nchi tajiri, heshimuni kanuni ya kimataifa ya mwaka 2010 kuhusu uajiri wa wahudumu wa afya, mwache kwenda kuwachota wauguzi wa nchi ambazo hazina wa kutosha.

Jamii nayo ina deni. Wakati wa UVIKO-19 watu walisimama madirishani wakawapigia makofi wahudumu wa afya, na kwa makadirio ya Shirika hilo hilo wahudumu wapatao 115,500 walifariki kwa ugonjwa huo kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Leo watoto wa wale wale waliopiga makofi wanamtukana muuguzi kwa sababu foleni ni ndefu, ilhali foleni hiyo hakuipanga yeye.

Wanangu, najua uongozi ni mzigo, na wengi wenu niliwapokea mkiwa wanafunzi mnaotetemeka mkishika sindano ya kwanza. Mlikosea, nasi tuliwasahihisha faraghani, tukasimama nanyi mpaka mikono ikatulia. Barua ya onyo bado imo katika jalada la yule binti. Itoeni, mwiteni mumshukuru mbele ya wenzake wale wale, na vichupa vile vya potasiamu viondoke wodini leo.

Mama yenu, muuguzi mstaafu.