Mita kumi na mbili, kompyuta moja: namba hii ni ya saa ngapi?

Kompresa ya chumba cha baridi inapojizima usiku, je, volti zilishuka kwanza, au kompresa ya pili ndiyo iliyowaka na kuzivuta chini? Mita za kujibu swali hilo mara nyingi tayari ziko ukutani. Tuchukue kiwanda kidogo cha maziwa: mita sita za umeme, visoma joto vinne, mita ya maji moja na mizani moja ya kupokelea maziwa. Kila kifaa kina namba yake kwenye kioo chake. Mwenye kiwanda anataka namba zote kumi na mbili zikae kwenye mstari mmoja wa jedwali, tena awe na hakika kwamba zimesomwa kwa wakati mmoja.

Kuvuta waya ni kazi ya siku moja au mbili. Ugumu uko kwenye hayo maneno "wakati mmoja".

Kebo kama shanga, si kama nyota

Mita za umeme za kufunga kwenye ubao wa swichi, na visoma joto vingi, huwa na sehemu mbili za kufungia waya zilizoandikwa A na B. Hiyo ni RS-485, njia ya kupitishia data kwa jozi ya waya, na lugha inayopita humo kwa kawaida ni Modbus RTU, iliyoanzishwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na mpaka leo haijastaafu. Vifaa vyote hukaa kwenye jozi moja ya waya uliosokotwa. Hesabu ya asili ni vifaa 32; vyenye chipu za kisasa zinazokula mzigo mdogo huzidi hapo. Kwa kasi ya bodi 9600 (yaani biti 9,600 kwa sekunde), kebo ya mita 1,200 haina shida.

Shida ni umbo. Kebo inatakiwa itoke kwenye kompyuta, iingie mita ya kwanza, itoke, iingie ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Fundi aliyezoea kupeleka waya kila chumba kutoka boksi moja atafunga nyota bila hata kufikiri. Matawi yakiwa marefu, ishara hufika mwisho wa tawi, hurudi kama mwangwi na kuivuruga inayokuja nyuma yake. Ndiyo maana kila ncha ya kebo huwekwa rezista ya ohm 120: mbili tu, moja kila mwisho. Kukagua ni rahisi. Zima umeme wa vifaa vyote, weka multimita kati ya A na B. Ukisoma karibu na ohm 60, mambo ni sawa. Ukisoma 120, rezista moja haipo. Ukisoma 40, kuna mtu ameongeza ya tatu katikati, au swichi ndogo ya rezista iliyo ndani ya mita fulani imeachwa imewashwa.

Watengenezaji hawajakubaliana waya upi uitwe A na upi uitwe B. Kifaa kikikaa kimya, badilisha waya hizo mbili kabla ya kulaumu kitu kingine, hakiungui. Waya wa tatu, wa pamoja, unaounganisha sifuri ya umeme ya vifaa vyote, nao usiachwe. Vipokezi vya RS-485 huvumilia tofauti ya kati ya −7 na +12 volti tu, na majengo mawili yenye nondo tofauti za ardhi yanaweza kuizidi kwa urahisi, hasa radi zinapopiga. Kwenye kazi ya namna hiyo tunafunga adapta (kifaa kinachounganisha kebo na poti ya USB ya kompyuta) yenye utengano wa umeme, hata mteja akinung'unikia bei. Kebo ya data isilale pamoja na kebo ya mota inayoendeshwa na inveta. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba.

Kingine: mita mpya nyingi hutoka kiwandani zote zikiwa na anwani 1. Ukiziunganisha hivyo, mbili hujibu kwa pamoja na kompyuta inapokea makelele. Anwani halali ni 1 hadi 247. Zipange mezani, mita moja moja, kabla ya kupanda ukutani, kisha andika namba kwa kalamu ya wino mzito usoni mwa kila mita. Miaka miwili baadaye utajishukuru.

Hesabu ya milisekunde

Katika Modbus hakuna kifaa kinachosema bila kuulizwa. Kompyuta huuliza mmoja, husubiri jibu, kisha huenda kwa mwingine. Kwa bodi 9600, baiti moja huchukua takriban milisekunde 1.04. Swali ni baiti 8, jibu la rejista mbili (rejista ni kisanduku cha namba ndani ya mita) ni baiti 9. Jumla kama milisekunde 18. Ongeza ukimya unaotakiwa kabla na baada ya ujumbe, kama 7, na muda wa mita yenyewe kutafakari, ambao kwa kawaida ni 20 hadi 50. Kwa hiyo kila kifaa ni milisekunde 45 hadi 75. Tukiiweka mizani kando, vifaa kumi na moja vinakula kati ya nusu sekunde na sekunde 0.8. Mita ya kwanza na ya mwisho kwenye mstari uleule wa jedwali zimepishana kwa kiasi hicho. Kwa joto la maziwa si kitu. Kwa mota inayowaka, ni jibu zima.

Wengi hukimbilia kuongeza kasi hadi 38400. Inasaidia, ila inapunguza zile milisekunde 25 za njiani tu. Muda wa mita kutafakari unabaki palepale. Kinachosaidia zaidi ni mpangilio. Soma mita za umeme zikifuatana, kila sekunde, na joto kila sekunde kumi. Ikibidi, gawa kebo mbili zenye adapta mbili. Na usiulize volti peke yake, halafu ampea, halafu kilowati. Rejista hizo mara nyingi zimepangana, na swali moja linaweza kuleta hadi rejista 125. Ukiuliza vipande vipande unapata volti za sasa na ampea za baadaye kidogo, halafu unashangaa kwa nini kilowati hazilingani.

Kifaa kilichokufa ni hatari kuliko kilicho polepole. Programu ikisubiri sekunde moja na kujaribu mara tatu, mita moja iliyozimika inachelewesha jedwali lote kwa sekunde tatu kila mzunguko. Programu tunazopanga humweka pembeni asiyejibu, humjaribu tena kila dakika, na kuacha nafasi yake wazi. Kurudia namba ya zamani ni kosa baya zaidi: grafu huonyesha mstari ulionyooka vizuri, na kila mtu anaamini chumba kimetulia.

Adapta za USB nazo zina lao. Zenye chipu ya FTDI huweza kushikilia data hadi milisekunde 16 kabla ya kuipeleka kwenye kompyuta. Mpangilio huo uko kwenye sifa za poti katika Windows, na unaweza kushushwa hadi 1. Vifaa kumi na moja mara 16 ni milisekunde 176 za bure.

Namba zikianza kuingia, zitazame kwa macho kabla ya kuziamini. Volti 230 zikitumwa kama namba ya desimali ya biti 32 hufika kwenye rejista mbili: 4366 na 0000 kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16. Programu ikizisoma kinyume, badala ya 230 inaonyesha namba iliyo karibu kabisa na sifuri. Mita ni nzima, waya ni mzima, ila mpangilio wa rejista umepinduka.

Mizani haingoji kuulizwa

Mizani nyingi hutumia RS-232, yaani kebo yake peke yake, na kwa kawaida isizidi kama mita 15. Nyingi zinaweza kupangwa zitume mfululizo, mistari ya namna hii:

US,+00041.85 kg
ST,+00042.60 kg

ST ni uzito uliotulia. US ni ndoo bado inatikisika. Programu isiyosoma herufi hizo mbili itaandika 41.85, na mwenye ng'ombe atapunjwa gramu 750.

Saa ya nani?

Muhuri wa muda uwe wa kila usomaji, si wa kila mstari. Saa ya kompyuta inayokosea kwa sehemu 20 kwa milioni hupotea takriban sekunde 1.7 kwa siku, kwa hiyo iunganishwe na seva ya saa kupitia intaneti. Pasipo intaneti, tumia kompyuta moja kwa vifaa vyote; kompyuta mbili zisizolinganishwa hazitakupa jibu la nani alitangulia. Hifadhi muda ukiwa na +03:00 mwishoni. Na daftari la zamu je? Mlinzi ameandika "kompresa imezima saa 2 usiku", jedwali linasema 20:00. Mhasibu kijana akichukua 02:00 anakagua mahali palipopishana kwa saa sita na tukio lenyewe. Waambie wote waandike saa ya kompyuta, au weka safu ya pili yenye saa ya Kiswahili.

Hapa pia huwa tunamzuia mteja asitumie hela bure. Kisoma joto kilicho ndani ya mfuko wa chuma kinaweza kuchukua nusu dakika au zaidi kuhisi badiliko. Kukioanisha kwa milisekunde hakuna faida. Kwa upande wa pili, mita ya kawaida ya umeme huonyesha wastani, na volti zikizama kwa sehemu ndogo ya sekunde mota inapowaka, huenda isizione kabisa. Kulikamata hilo kunahitaji kinasa umeme kinachopima njia zote kwa mpigo, na bei yake ni nyingine. Tunakwambia kabla hujalipa.

Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) ishike kompyuta, adapta na chanzo cha volti 24 cha visoma joto. Kompyuta bila visoma joto itaandika nafasi tupu. Kila mstari uandikwe kwenye diski papo hapo, faili jipya kila siku, usingizi wa Windows na wa poti za USB uzimwe.

Ukitaka bei, tutumie picha ya kibao cha jina cha kila kifaa, umbali kati yao kwa hatua, na swali unalotaka data ijibu. Kitabu cha mita chenye jedwali la rejista kitafute mapema. Mita isiyo nacho tunaitoza peke yake, kwa sababu kazi yake ni kuisoma rejista baada ya rejista huku mtu amesimama mbele ya kioo akilinganisha namba.