Barua kwa mwanangu: nitumie picha ya mkataba

Mama, mwanangu,

Shikamoo yako mdogo wako ameifikisha, marahaba. Nimemwambia aniachie simu jioni hii niandike mwenyewe maana tukiongea kwa kupiga, nikianza tu habari ya mkataba unasema baba mtandao unasumbua. Mbona haukusumbua ulipokuwa unamweleza mama yako habari za kamera nusu saa nzima. Sasa hii haikatiki, utaisoma yote.

Kwanza hongera kwa hiyo kazi ya kamera kanisani. Usidhani sijafurahi. Jumapili ile mama yako aliita mpaka majirani wa kule juu mgombani waje waangalie ibada kwenye simu, kila picha ikihama anasema huyo ni yeye, huyo ni yeye, nikamwambia mama, anayeshika kamera haonekani, akaninunia mpaka jioni. Lakini ile picha iliyotoka kwenye kwaya ikaenda taratibu mpaka kwa yule bibi anayefuta machozi, hapo na mimi nilinyamaza. Nilijua ni wewe. Afu baadaye nikawaza, hivi yule bibi aliulizwa kama anataka watu wote wamuone analia? Ulizaneni hilo hukohuko kazini.

Sasa mkataba. Umeacha kazi ya uhasibu pale dukani, kazi yenye mkataba, hukuniambia mpaka umeshaacha, sawa, yamepita, wewe ni mtu mzima. Ila ulipoingia hapo kanisani umesaini nini? Uliniambia "wameniambia nianze tu, mambo ya karatasi yatafuata". Huo ni mwezi wa tatu. Karatasi za kanisa hazifuati mama, mimi nakwambia kama katibu wa usharika aliyekuwa anaziandika.

Najua jinsi wanavyoongea. Wanakwambia hapa hatuna wafanyakazi, tuna watumishi. Neno zuri, hata mimi nimeitwa mtumishi miaka 17 na nilikuwa nalipenda, mtu akikuita mtumishi barabarani unatembea vizuri. Lakini kule NSSF, mfuko wa pensheni, hakuna anayeandikishwa mtumishi, kuna mwanachama na kuna mwajiri, kama mwajiri hajaandika jina lako na kupeleka hela wewe haupo. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haijasema makanisa hayahusiki. Inasema uandikiwe kazi yako ni ipi, mshahara kiasi gani, masaa mangapi. Masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, mapumziko masaa 24 mfululizo kila wiki, likizo siku 28 kwa mwaka. Waulize kwa adabu, usiende na domo kama la shangazi yako, ila uliza.

Maana hesabu zako nimezipiga. Jumapili unatoka Kimara saa 9 usiku na bodaboda (hiyo bodaboda nayo tutaongea, mwendokasi haujaanza saa hizo najua, lakini tafuta dereva mmoja unayemfahamu, na helmeti ya kwako mwenyewe), ibada ya kwanza, ya pili, ya tatu, mnafunga nyaya saa 10 jioni. Jumatatu mnasema mapumziko ila umeniambia Jumatatu iliyopita ulienda kurekodi msiba. Jumanne maombi ya wafanyakazi, Jumatano mazoezi ya kwaya mnapima mitambo, Ijumaa mkesha, Jumamosi harusi mbili. Sasa masaa 24 yako wapi hapo? Na harusi za Jumamosi, ile hela ya video wanayolipa maharusi inaingia wapi, ofisini au kwa mtu? Sikufundishi kuchunguza watu. Nasema ujue tu, maana siku hela ikipotea watatafuta aliyekuwa na kamera.

Afu kuna kitu hukuniuliza lakini nakwambia. Wewe unasali wapi? Usiniambie hapohapo. Hapo unafanya kazi. Mimi miaka 17 mahubiri niliyasikia kupitia ukuta wa chumba cha kuhesabia sadaka, tuko watatu mezani na makapu, tunapanga noti, bahasha za ahadi kule, fungu la kumi huku, sarafu za watoto wa Sunday school mwishoni, na nilikuwa najua leo mchungaji kahubiri vizuri kwa uzito wa kapu. Januari kapu jepesi, watu wamelipa ada. Siku ya mavuno nje kuna mnada, beberu, mikungu ya ndizi, mayai yanapigiwa bei mara tatu na bado yanarudishwa mnadani, na mimi nimesimama na daftari kumfuata mtu aliyesema elfu hamsini kwa sauti kubwa afu anatafuta mlango. Hiyo siyo kusali mama. Nilipostaafu nikakaa kwenye benchi kama watu wengine, nikajikuta nahesabu vichwa. Mpaka leo nahesabu. Kwa hiyo tafuta jumuiya huko mtaani kwenu, ya watu kumi, ambako hakuna anayejua unafanya kazi wapi, kaa nao hata siku moja kwa wiki, usibebe kamera.

Na mambo utakayoyaona usiyaseme. Utajua nani kaahidi milioni akatoa laki, ndoa ya nani inasuluhishwa ofisini kwa mchungaji, nani anapewa kiti cha mbele. Utaambiwa kamera imuonyeshe fulani leo, kesho utaambiwa isimuonyeshe kabisa. Wewe nyamaza tu, usije ukaanza kuchukia kanisa kwa sababu ya jikoni. Mama yako anapika vizuri na jikoni kwake unakujua kulivyo.

Narudi kwenye NSSF. Wakisema wanakukata, usiamini karatasi ya mshahara peke yake. Nenda ofisini kwao na namba yako, omba taarifa ya michango, angalia mwezi kwa mwezi. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, wewe usikatwe zaidi ya 10. Kukatwa ni kitu kimoja, kupelekwa ni kitu kingine. Hapo katikati ndipo watu wanapozama.

Uliniuliza mwaka juzi, na uliuliza kwa hasira na mimi nikajibu kwa hasira zaidi, kwa nini mimi sina pensheni ya kila mwezi kama baba wa rafiki yako aliyekuwa mwalimu. Nikakwambia ni mambo ya serikali. Siyo mambo ya serikali. Ili ulipwe kila mwezi NSSF wanataka uwe umechangiwa miezi 180. Mimi nimefanya kazi miezi 204. Nilipoenda kufuatilia 2020 yule binti wa dirishani akageuza kompyuta kidogo nione, michango 173. Pungufu 7. Nikapewa mkupuo, hela ya mara moja basi, na mkupuo unajua ulikoenda, mwaka wako wa mwisho chuoni na bati za upande wa jikoni.

Miezi 31 haikupelekwa. Ni ile miezi tulipokuwa tunaezeka kanisa. Bati zilipanda bei, fundi anataka hela, baraza la wazee likakaa likasema tumalize paa kwanza, nyumba ya Bwana isinyeshewe, ya wafanyakazi tutalipa baadaye. Mshahara tukawa tunakatwa kama kawaida, hela inabaki kwenye akaunti ya ujenzi. Watu walisema amina. Mchungaji akahamishwa, akaja mwingine, naye anasema hilo deni halijui, halimo kwenye makabidhiano.

Na vocha za malipo nilikuwa naandika mimi. Unajua mwandiko wangu.

Ningeweza kwenda kulalamika, wanasema mwajiri asiyepeleka anafuatiliwa na faini juu, lakini ningeanzia wapi, kila karatasi chini ina saini yangu. Mchungaji wa sasa ni kijana mzuri tu, tunasalimiana. Paa halivuji, hilo siwezi kusema uongo, ni paa zuri.

Kingine. Uliuliza Krismasi ile uliyokuja kwa nini yule mama aliyekuwa anafagia kanisa hapiti tena kwetu kuleta maziwa, na sisi tunanunua kwa yule wa barabarani anayetia maji. Mama yako akabadilisha mazungumzo. Sasa wewe ni mfanyakazi wa kanisa acha nikwambie. Yule mama tulimuachisha 2019, usharika uliamua kuchukua kampuni ya usafi, wana mashine na sare za kijani. Alikuwa amefanya miaka 12. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari, niliandika "kikao kimemshukuru kwa utumishi wake", tukampa blanketi na kitenge, akapigiwa makofi Jumapili mbele ya watu wote, akacheza hata. Wala hakuuliza kitu.

Baadaye nikakutana na kijana mmoja anayejua haya mambo, nikamuuliza kama hadithi, nikasema kuna mtu mahali fulani. Akasema mtu akiachishwa hivyo, sababu ni kwamba kazi imebadilika na wala hana kosa, kuna kiinua mgongo, siku 7 za mshahara kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Yaani siku 70. Alikuwa anapokea elfu 80 kwa mwezi. Nilikaa na kikokotoo usiku, inakuja kama laki mbili na elfu kumi na tano hivi. Mwaka huohuo maua ya Pasaka na kitambaa cha madhabahu vilituchukua zaidi ya hapo, najua kwa sababu risiti nilibandika mimi. Na angetaka kwenda kulalamika CMA, tume inayosuluhisha migogoro ya kazi, ana siku 30 tu tangu aachishwe, nani angemwambia? Mimi ndiye niliyekuwa najua kusoma zile karatasi.

Na yeye miezi 31 yake haipo vilevile.

Nilimpelekea gunia la mahindi mwaka jana, akapokea, akasema asante katibu. Hajaniita baba fulani kama zamani, kaniita katibu. Maziwa hajaleta.

Kwa hiyo ukisema baba unanisumbua na mkataba, nisumbuke. Na siyo wako tu. Huyo kijana mnayesema anajitolea kwenye mitambo miaka mitano na anapewa nauli, na yule dada wa mapokezi, na walinzi, waulize na wao kama wana karatasi. Polepole, usianzishe mgomo kanisani kwa watu. Umesoma uhasibu, siku watakayoona una akili ya hesabu watakuhamisha ofisi ya fedha, wataiona tu, hapo ndipo ninapoogopa kuliko bodaboda. Wakikuletea vocha yenye jina la NSSF iliyofutwa ikaandikwa ujenzi, usiisaini. Hata kama aliyeileta kaja na Biblia mkononi. Hata kama ana sababu nzuri, sisi tulikuwa na sababu nzuri sana.

Ya hapa nyumbani tuko salama. Presha ya mama yako imeshuka ila chumvi bado anaitia kwa siri. Ng'ombe mweupe kazaa, dume, bahati mbaya. Kahawa mwaka huu imebeba lakini bei siielewi, nimeiacha kwanza ikauke vizuri. Mdogo wako anataka na yeye aje Dar afundishwe kamera, nimemwambia amalize form four kwanza, usimtie moyo. Lile bomba la juu limepasuka tena, fundi kasema elfu arobaini, usitume, nitaliziba na mpira wa baiskeli. Shuka ulizotuma nzuri ila ndogo, kitanda chetu ni futi sita, unasahau. Na Pasaka hukuja, sijasema kitu, najua ndiyo siku mnayo kazi kubwa, mama yako aliweka mguu wa mbuzi kwenye friji la jirani wiki mbili mpaka jirani akauliza.

Ukipata likizo, ile ya siku 28 siyo ya kuombaomba, njoo hata wiki. Tutaenda wote kwa yule mama. Ukienda wewe atatoa maziwa, wewe alikubeba.

Bando la mdogo wako linaisha Ijumaa. Piga picha ya mkataba kurasa zote, siyo ya kwanza tu, na ya chini penye saini ionekane, nitumie kabla ya hapo. Kama hawajakupa, niandikie hivyohivyo, "baba hawajanipa", usinitumie vile vikatuni vya kucheka.

Baba yako