Barua kwa Zuhura Kuhusu Mkahawa wa Thomu

Oakland, California

Shoga yangu mpenzi Zuhura,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta wewe na watu wote wa nyumbani mkiwa wazima, kama nasi tulivyo huku. Nimekaa kukuandikia kwa ajili ya chakula, kwani juzi nilikula mahali ambapo kila sahani iliyofika mezani ilinifanya nikutaje, na simjui mtu mwingine ambaye ningemweleza habari hii kwa urefu asichoke.

Mkahawa wenyewe unaitwa The Stinking Rose. Uko San Francisco, katika mtaa wa North Beach waliokaa Waitalia tangu zamani, na ulifunguliwa mwaka 1991. Shughuli yake kubwa ni thomu, yaani kitunguu saumu. Misuko ya thomu imetundikwa ndani, na katika orodha ya vyakula, asiyeitaka ametengewa vichache vyake, kama sisi tunavyomtengea mgonjwa mchuzi usio na pilipili. Tulikwenda Jumamosi usiku baada ya kuswali Isha nyumbani, kwa sababu unaikumbuka ile hadithi tuliyosomeshwa chuoni, ya Mtume kumtaka aliyekula thomu ajitenge na msikiti, nami sikutaka kumuudhi mtu safuni.

Tulianza na bagna càuda, chakula chenye asili ya Piedmont, kaskazini mwa Italia. Kililetwa katika kikaango cha chuma kingali cha moto, punje nzima za thomu zimelala katika mafuta ya zeituni na siagi, pamoja na samaki wadogo wa chumvi walioyeyukia humo hata huwaoni tena. Unaichukua punje, unaiponda juu ya mkate, nayo inapakika bila kutumia nguvu. Nilijiandaa kwa ule ukali unaopanda puani, lakini nilichokipata ulimini ni utamu mzito, mpole, usiochoma hata kidogo. Zuhura, nilinyamaza kwa muda mezani pale, kwa maana nimepika na thomu maisha yangu yote na ladha ile sikuwa nimewahi kukutana nayo.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Punje nzima ya thomu haina ukali, bali ina vitu viwili vilivyotengwa ndani yake, na ukali huzaliwa pale unapoikata au kuitwanga, vitu hivyo vikakutana na kutengeneza kile wanasayansi wanachokiita alisini. Ukiipika nzima, kwa moto mdogo na kwa muda mrefu, joto hukiua kimoja kabla hakijamfikia mwenzake, na kinachobaki ni sukari yake inayolainika taratibu. Sisi tumelelewa kuitwanga kinuni pamoja na tangawizi na kuitupa katika mafuta ya moto, iwe ni pilau au mchuzi wa pweza, na sisemi kwamba ni vibaya, kwani pilau bila ukali ule haitakuwa pilau. Nasema tu kwamba thomu tumeifanya kiungo siku zote, na pale niliikuta imekuwa chakula chenyewe.

Baadaye nilikula kaa aliyeokwa kwa thomu, wa aina ya Dungeness wanaovuliwa katika pwani hii, ambaye mwili wake ni mkubwa na nyama yake tamu. Meza ya jirani waliagiza kuku wa punje 40, mapishi ya Kifaransa ya tangu zamani, na idadi hiyo haitishi tena ukishajua namna moto mdogo unavyoibadilisha thomu. Mwisho ikaja aisikrimu ya thomu, ambayo ni fahari ya Gilroy, mji ulio kusini ya hapa ambao umejulikana kwa zao hili na ulianzisha tamasha lake la thomu mwaka 1979. Inaanza kwa utamu wa maziwa, kisha thomu inafuata nyuma polepole. Nilimaliza bakuli lote.

Kuhusu harufu ya kinywa, ambayo najua ndiyo itakayokuwa swali lako la kwanza, mswaki pekee hauiondoi, kwa kuwa sehemu yake huingia katika damu na kutoka kwa pumzi kupitia mapafu hadi siku ya pili. Tufaha bichi na majani ya nanaa husaidia, na maziwa pia.

Sasa nakuomba jambo. Tafuta thomu za Mbulu, zile ndogo, usichukue zile kubwa nyeupe za kutoka China, uzimenye bila kuzikata, uzifunike kwa mafuta katika sufuria nzito, uziache juu ya makaa machache mpaka ziweze kupondeka kwa kijiko. Uzile siku hiyohiyo, kwa sababu thomu iliyowekwa ndani ya mafuta bila baridi huweza kuwa sumu. Usitie tangawizi wala bizari mara ya kwanza. Zipake juu ya mkate wa mofa ukiwa bado moto, umpe mama naye aonje, kisha uniandikie alivyosema. Na kama anakumbuka vipimo vya siki na chumvi katika achari yake ya thomu, nitumie, maana huku thomu nzuri ninayo.

Wasalimie wote, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi shoga yako,
Salma