Mhariri, pegola haikingi jua la Dodoma

Mhariri, mbukwenyi, nakusalimu kutoka Ilazo. Naandika kuhusu mambo ya ujenzi maana naona huku kwetu kila nyumba ikikaribia kuisha, iwe Ilazo, Iyumbu au Nzuguni, mwenye nyumba anaulizwa na fundi swali lile lile, bosi hapa nje tukuwekee patio au pegola, na mtu anajibu kwa kuangalia picha kwenye simu. Mi nilijibu pegola. Acha nieleze yaliyonikuta.

Kwanza tuelewane maneno maana hata mimi nilikuwa nachanganya. Patio ni sakafu ya nje tu, umemwaga zege au umepanga pevingi, unaweka viti, juu ni mbingu. Neno lenyewe la Kihispania na huko kwao ni ua ulio ndani ya nyumba. Pegola ni neno la Waitalia, nguzo nne na mbao juu zimeachanaachana, na wenzetu wanapandishia mizabibu na maua ya kutambaa, yaani kivuli kinatoka kwenye majani, mbao kazi yake ni kubeba tu. Hapo kwenye majani ndipo nilipoliwa.

Yangu ilikuwa mita 4 kwa mita 3 na nusu, mbao za paini 2 kwa 6 zimesimamishwa kwa ubavu, kati ya mbao na mbao futi moja. Ikapigwa vanishi ikapendeza, mama watoto akapiga picha akawatumia dada zake Dar. Hiyo ilikuwa mwezi wa saba, jua limeegemea kaskazini, mbao zinatupa kivuli cha maana kidogo, tukajiona tumepatia. Mwezi wa kumi ukaingia, Jumamosi moja kama saa sita na nusu mchana nimekaa pale na gazeti lako hili hili, naona kichwa kinachemka, nikaangalia chini. Huku kwetu mwezi wa kumi jua linapita utosini kabisa, na mwanzoni mwa mwezi wa tatu linapita tena. Sakafuni kulikuwa na kivuli inchi 2, ule unene wa mbao, halafu jua inchi 12, halafu kivuli inchi 2, halafu jua inchi 12. Nimekaa kama pundamilia! Laki tisa yangu yote imenunua mistari.

Nikampigia fundi. Akacheka akasema bosi ile ni ya mapambo bana, ukitaka kivuli weka zabibu, si uko Dodoma. Nikaona ana akili. Nikaenda kwa mzee mmoja jirani ambaye ana shamba la zabibu upande wa Makutupora nimuombe miche, nikamwamkia, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza, "mwanangu, wewe unataka kula au unataka kukaa?" Nikamwambia vyote mzee. Akasema haiwezekani, mzabibu usipoupogoa hauzai vizuri, na huku wanapogoa mara mbili kwa mwaka ndo maana wanavuna mara mbili, ukishapogoa unabaki fimbo tupu. Zabibu ya kuvunwa mwezi wa pili inapogolewa karibu na mwezi wa tisa, wa kumi. Yaani pale pale joto linapopanda ndo paa langu linanyolewa upara. Akaniambia kama shida ni kivuli weka bogenvilia, ila ujue mwaka mzima wa kwanza utaimwagilia wewe, na maji yenyewe tunayajua yanavyokuja kwa zamu.

Sijamaliza. Nguzo fundi alizichimbia moja kwa moja ardhini akazipaka oili chafu akasema mchwa haugusi. Mvua za masika zimeisha, natafuta pa kufunga kamba ya kuanikia nguo, nguzo ya nyuma naiona ina kaudongo kekundu kamepanda kama mshipa, nikaichokonoa na funguo ya geti. Funguo ikaingia yote mpaka kwenye kichwa chake. Ndani hamna mbao, kuna uji. Baadae ndo naelezwa nguzo ya mbao huku isiguse udongo, inakaa kwenye kiatu cha chuma kilichozamishwa kwenye zege na kiatu kinanyanyuka juu kidogo ya sakafu ili mchwa ukitaka kupanda uonekane, au achana na mbao kabisa chomelea skweya paipu, yale mabomba ya chuma ya pembe nne.

Ila mhariri kosa langu kubwa wala sio mbao, ni kwamba sikujiuliza naiweka upande gani. Hili ndo lilinifanya nishike kalamu. Sisi tuliohamia na wizara kutokea Dar tunakuja na akili za pwani, tunatafuta upepo. Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,100, hewa kavu, ukipata kivuli tu umepoa, upepo sio rafiki, unatoka mashariki na kiangazi unakuja na vumbi la barabarani mpaka chai inakuwa na mchanga. Sasa ukiweka sehemu ya kukaa mashariki mwa nyumba, kuanzia saa nane hivi nyumba yenyewe inakupa kivuli cha bure mpaka giza, ila upepo wote wa kwako. Ukiweka magharibi upepo unazuiwa na nyumba lakini jua la jioni linakuingia machoni na ukuta unachemka. Yangu niliweka magharibi kwa sababu ndo kwenye geti, wageni waione.

Yule mzee alinichekesha, akasema babu zake walikuwa hawana hilo swali. Tembe la Wagogo, nyumba yao ya asili, mara nyingi lilizunguka ua katikati, ng'ombe ndani watu ndani, upepo unapita juu ya paa la udongo, na asubuhi wanakaa upande huu jioni wanahamia upande ule kufuata kivuli. Si ndo patio ya Kihispania hiyo jamani? Tumeizunguka dunia nzima kuitafuta.

Kwa hiyo nilichofanya sasa hivi ni hiki. Nimehamia mashariki, nimeweka patio. Udongo wangu una kamfinyanzi, nikachimba nikaweka moramu, ule udongo wa changarawe, nikasisitiza ishindiliwe mara mbili, zege sentimita 10, na mteremko wa sentimita 1 na nusu kila mita kwenda mbali na ukuta, maana mvua ya mwezi wa kwanza huku ikija inakuja yote siku moja. Nimejengea ukuta wa matofali ya matundu upande wa upepo, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, unachuja vumbi bila kuziba hewa. Pembeni nimepanda mwarobaini mmoja. Zege linabaki na joto mpaka saa mbili usiku, sitadanganya, mchana mwingi watoto hawalikanyagi pekupeku. Ila kuanzia saa kumi jioni tunakaa.

Atakayetaka pegola aweke, sijakataza, ila aweke ikiwa na majani au bati juu, na aanze na sakafu kwanza.

Fundi wangu wa mwanzo bado ananidai laki moja na nusu ya umaliziaji. Nimemwambia aje mwezi wa kumi, saa saba mchana, tukae chini ya ile pegola tuhesabiane taratibu.

Msomaji wako, Ilazo, Dodoma