Barua ya msomaji imefungiwa korosho

Mhariri salamu. Mi msomaji wenu wa siku nyingi hapa Mtwara, naomba kanafasi kadogo nitoe la moyoni.

Juzi jioni nimenunua korosho za kukaanga, kijana kanifungia kwenye kikaratasi kama kawaida yao, nafika nyumbani nafungua nakuta mwandiko wa mkono, wino wa buluu, msomaji wa Nachingwea anambishia mwandishi wa safu ya burudani kwamba ile bendi aliyoisifia haina lolote. Nikamjua hapohapo huyo mwandishi aliyeandikiwa. Ni bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu, zamani alikuwa anaigiza michezo ya redio, siyo staa, yeye kila siku mama mkwe mkorofi au jirani mbea, baadaye akaacha akawa anaandika habari za wasanii gazetini. Alifariki mwaka jana. Watoto wakaja siku tatu wakagawana makabati, tranka la makaratasi likauzwa kwa kilo. Siwalaumu sana, nani angewaambia lile ni mali.

Nikamsimulia mpwa wangu anayesoma chuo, akacheka akasema mjomba, Marekani kulikuwa na mtu kama huyo, Hedda Hopper, ila makaratasi yake yapo mpaka leo. Jina lake la kuzaliwa ni Elda Furry, baba yake muuza nyama huko Pennsylvania. Kacheza filamu zaidi ya 120 na nyingi ni hizohizo nafasi za pembeni, mama tajiri mwenye nyodo, rafiki wa bosi, we unamkumbuka sura jina hulijui. Umri ukasogea, kazi zikakauka, mwaka 1938 akaanza safu ya udaku wa Hollywood kwenye Los Angeles Times na hapo ndo akawa mtu wa kuogopwa, mastaa wanamnyenyekea yeye na kofia zake za ajabuajabu. Nyumba yake mwenyewe aliiita nyumba iliyojengwa na woga!

Na jamani hakuwa mtu mzuri kihivyo. Alimwandama Charlie Chaplin miaka na miaka mpaka serikali ilipomfungia mlango wa kurudi Marekani mwaka 1952, na alishabikia watu wanyimwe kazi kisa wanadhaniwa wakomunisti. Lakini alipokufa 1966 hawakusema huyu mbea tu, choma. Makaratasi yake yako Beverly Hills, kwenye maktaba ya haohao wanaotoa Oscar, jengo lenyewe zamani lilikuwa la kusafishia maji, na anayetaka kusoma anaweka miadi anakwenda anasoma bure. Kilichonigusa zaidi ni kwamba zimo na barua za wasomaji wake, watu wa kawaida tu, wengine wanamsifia wengine wanamchamba, na leo wasomi wanakwenda kuzichambua wajue raia wa enzi zile walikuwa wanawaza nini. Sasa yule bwana wa Nachingwea na bendi yake yeye nani atamchambua? Mi nishakula korosho zake.

Najua tuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na sheria ipo ya mwaka 2002, ila ile imekaa zaidi kwenye mafaili ya serikali. Matranka kama lile la mama mkwe wa redioni yako chini ya vitanda huku kusini, yanagombaniwa na mchwa, chumvi ya bahari na mvua ya Januari. Mi naomba kitu kidogo tu, maktaba yetu ya mkoa itenge hata kabati moja la chuma, atangaziwe kila mwenye picha, mswada, barua za wasanii wa Mtwara na Lindi, wa ngoma, wa redio, wa taarabu, alete ziandikwe daftarini na zifungiwe. Tamasha la MAKUYA linakusanya ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, vizuri sana, lakini yule mpiga ngoma akifa picha zake zinakwenda wapi?

Kile kikaratasi nimekikausha mafuta nimekiweka ndani ya msahafu. Kijana wa korosho nae nimemfuata, kasema bado ana kama nusu kiroba, nimempa elfu tano akaniona mwehu.

Na nyie mhariri niambieni ukweli, hizi barua zetu mkishazichapa mnazipeleka wapi?

Msomaji wenu,
Magomeni, Mtwara