Kaka, usiku ule wa Algiers tulishinda

Kaka,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, lakini ninachoandika hapa unakisoma. Wifi kanidokeza. Basi nakuandikia hapahapa.

Jumapili ile ya tarehe 25 Mei 2025, Simba yako ilipotoka moja moja na RS Berkane pale Amaan, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, nilikupigia mara tatu. Baadaye nasikia umewaambia watu wa nyumbani kwamba nilikuwa natafuta wa kumcheka. Mimi, kaka? Nilikuwa nimekaa na wanangu tunatazama, na Mutale alipofunga dakika ya 17 niliruka mpaka watoto wakanishangaa, mama yao Yanga damu anashangilia Simba. Nilikuwa nakuona wewe. Mlikuwa mmeshafungwa mbili kule Morocco, mechi ya marudiano imehamishiwa Zanzibar kwa ajili ya ule uwanja wa Mkapa ulioharibiwa na mvua, na bado mkaanza vile. Waliposawazisha mwishoni kabisa nilizima televisheni nikachukua simu. Nilitaka kukupa pole. Fainali ilivyo chungu naijua, ilitupitia sisi miaka miwili kabla yenu.

Lakini si Berkane iliyokufanya usipokee. Ni lile la baba. Na kwa kuwa ulilisema mbele ya mashangazi siku ya kuanua tanga, kwamba mimi nilimdanganya mgonjwa, naomba na mimi nilisemee.

Wewe ulikuwa Mwanza msimu ule karibu wote. Ulikuja mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa naye Mbagala, na ugonjwa wake naukumbuka kwa mechi. Aziz Ki alipowafunga Club Africain kule Tunis, Novemba 2022, baba alikuwa bado anakwenda msikitini kwa miguu yake, na asubuhi ile alichelewa kurudi kwa kuwa alisimama kila baraza kuwaeleza watu goli ambalo wote walikuwa wamelisikia. Tulipowafunga Marumo Gallants kwao, mbili moja, katikati ya Mei, alikuwa anashikwa mkono kwenda msalani. Fainali, sisi na USM Alger ya Algeria, ilimkuta kitandani.

Tarehe 28 Mei 2023 nilikwenda uwanjani kwa sababu yeye alitaka mtu wa nyumba yake awepo. Unajua yaliyotokea mageti yale, mtu mmoja alifariki na wengine wakaumia. Nilirudi na ndala moja. Baba aliniangalia mguu kwanza, ndipo akauliza matokeo. Nikamwambia yote, sikuficha kitu: wametufunga, Mayele akasawazisha dakika ya 82, tukakumbatiana na watu tusiowajua, na dakika ya 84 wakatufunga tena. Dakika mbili ndiyo furaha yote tuliyoipata siku ile. Mwongo angeanzia hapo, kaka. Siku ile ndiyo ilikuwa ya kudanganya, na sikudanganya.

Jumamosi iliyofuata, Juni 3, marudiano kule Algiers, wewe ulikwenda kibanda umiza na wenzako. Mimi nilibaki naye na ile redio. Betri nilikuwa nimezianika juu ya bati tangu mchana, kama alivyotufundisha, na bado sauti ilikuwa inakuja na kuondoka. Djuma Shaban alipopiga penalti ile ya dakika ya saba, baba alikuwa amefumba macho. Mtangazaji akapasuka. Baba akafumbua, akauliza, "Hilo nalo Mama atalilipia?" Nikamwambia Rais analipia kila goli, baba, hilo limo. Akacheka. Ilikuwa wiki kadhaa sijamsikia akicheka. Kipindi cha pili Diarra akapangua penalti yao, na baba akanishika kifundo cha mkono, hapa, akakishika mpaka mwisho. Mkono wenyewe ulikuwa hauna nguvu hata ya kuinua kikombe.

Filimbi ya mwisho ikalia. Akaniuliza, "Tumeshinda?"

"Tumeshinda, baba. Moja bila. Kwao."

"Penalti je?"

"Hakuna penalti. Imekwisha. Tumeshinda."

Hapo ndipo unaposema nilidanganya. Sasa nionyeshe uongo uko wapi. Yanga ilikwenda Algiers, mbele ya uwanja mzima wa watu wao, ikamfunga USM Alger moja bila, fainali ya Afrika. Hilo ni kweli jana, leo na kesho. Mimi sikusema tumechukua kombe. Hakuniuliza kombe. Hesabu ya mbili mbili, na kwamba wao walifunga mawili kwetu na sisi moja kwao, na jumla ikilingana mwenye magoli mengi ya ugenini ndiye anayebeba kombe, hiyo sheria Ulaya walishaifuta mwaka 2021. Ningeanzaje kumweleza mzee ambaye anameza uji kwa kijiko cha chai? Ndiyo, mtangazaji alipoanza kueleza nilipunguza sauti. Nilipunguza kwa sababu baba alikuwa amechoka.

Alitaka chai. Mgonjwa aliyekataa chakula tangu asubuhi akasema niletee chai, tia na tangawizi. Nilikuwa jikoni, maji hayajachemka, nikakusikia mlangoni. Hata salamu hukutoa. "Mzee, pole, kombe wamebeba Waarabu. Mmeshinda bure."

Nilitoka na sufuria mkononi. Baba alikuangalia wewe, akaniangalia mimi. Hakusema neno. Akageukia ukutani, na alipogeuka shuka ikamtoka begani, ule mfupa wa bega ukaonekana. Akasema, "Zima hiyo." Na chai ile hakuinywa. Niliimwaga asubuhi, ina utando juu.

Siku kumi na tisa baadaye tulimzika. Redio hakuiomba tena hata siku moja, hata taarifa ya habari.

Sisemi wewe ndiye uliyemuua. Alikuwa anakwenda, daktari alishatuambia sote. Nasema ulikuwa na nafasi ya kukaa kimya usiku mmoja. Wewe ni mkubwa kwangu na siwezi kukufundisha, lakini mgonjwa wa namna ile hapewi kila kitu kwa mara moja, anapewa kile anachoweza kukibeba. Mengine yanasubiri asubuhi. Ningemwambia asubuhi. Nilishapanga, baada ya kuoga, akiwa amepata uji, ningemwambia taratibu, na angeelewa, maana mpira aliujua kuliko mimi na wewe. Hukunipa asubuhi hiyo.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba yeye hakukufanyia hivyo. Au umesahau Cairo? Mwaka 2003, Simba na Zamalek, nao Zamalek ndio mabingwa wa Afrika wakati huo. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Redio ilikuwa hii hii, haikamati mpaka mtu ashike antena na kuielekeza dirishani, na aliyeshika antena ni baba. Mzee wa Yanga, kadi yake ya uanachama iko kwenye mfuko wa shati, amesimama na mkono juu anakushikia Simba yako. Mlikuwa mmeshinda moja bila hapa, wakawafunga moja bila kwao, ikaenda kwenye matuta. Kaseja akidaka, baba anatingishika, redio inakoroma, wewe unamlilia, "Baba usisogee!" Naye hakusogea. Christopher Alex alipofunga lile la mwisho, baba ndiye aliyekufungulia mlango. Alisema, "Nenda kapige kelele, leo ni yako." Majirani walimtania wiki nzima.

Usiku ule mlifungwa moja bila, mkaitwa mashujaa, na nchi nzima ikawashangilia, sisi tukiwemo. Sisi tulishinda moja bila, na kwa kaka yangu ikawa bure. Baba angeweza kukwambia usiku ule, mmefungwa lakini. Hakusema.

Nimeandika nikilia, na sasa naona watu wengi watasoma mambo ya nyumbani kwetu. Wasome. Wewe ulisema mbele ya watu.

Halafu ujue hili, maana najua utalichukulia vingine. Siku ya mazishi, ulipoingia kaburini kumpokea, nilikuona jinsi ulivyomlaza, ulivyomwekea mkono chini ya kichwa mpaka mwisho kabisa, kama unamlaza mtoto aliyesinzia. Nikajua unampenda kuliko ulivyoweza kusema. Kila ninapotaka kukuchukia nauona mkono ule. Sijui kwa nini mkono ule haukuwepo usiku wa Algiers.

Shangazi ameniambia unaitaka redio. Ni haki yako, wewe ndiye mtoto wa kiume na sikukatalii. Iko kabatini kwangu, nimeitoa betri zisije zikavuja. Mshale wa stesheni sijaugusa, uko palepale alipouacha yeye. Waya aliofungia antena ulikuwa umelegea, nimeukaza. Ila simpi mtu wa basi, wala usimtume shemeji. Njoo uichukue mwenyewe. Jumamosi asubuhi nakuwa sokoni, kuanzia saa nane niko nyumbani.